Mgeni Akiondoka, Jembe Lipokelewe

Kizimbani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, ni mahali panapojulikana kwa kilimo. Katika karne ya 19 hapo palikuwa na mojawapo ya mashamba ya mwanzo kabisa ya mikarafuu katika kisiwa cha Unguja, na hadi leo hapo ndipo vijana wanapofundishwa ukulima, katika chuo ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mkulima wa Kizimbani analijua jambo moja bila ya kusomeshwa darasani, nalo ni kwamba mkarafuu hauna haraka. Mche hutaka kivuli na maji katika misimu yake ya mwanzo, hufa upesi ukiachwa bila ya mtu wa kuuangalia, na aliyeupanda husubiri miaka sita, saba au minane kabla ya kuchuma karafuu za kwanza.

Ujuzi huo wa shambani unafaa kukumbukwa kila inapofika siku ya kumuaga kijana wa kigeni aliyekuja kujitolea kufanya kazi ya afya pamoja na vijana. Muda wake ni mfupi kuliko ujana wa mkarafuu. Wako wanaokaa miaka miwili, wako wanaokaa miezi mitatu, na wako wanaokuja kwa majuma machache tu. Kisha hufika siku ya kuagana. Wanafunzi husoma risala, walimu hutoa zawadi ya kanga au mkoba wa ukili, picha hupigwa, wengine hutokwa na machozi, na jioni gari huelekea Kiembesamaki, kwenye uwanja wa ndege. Asubuhi ya pili yake kengele ya skuli hulia kama kawaida. Swali la msingi ni hili: ile saa ya klabu ya afya iliyokuwa ikisimamiwa na mgeni, sasa inasimamiwa na nani?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wajitoleaji wengi wamelishika jembe hilo kwa moyo safi, wakala wanachokula wenyeji, wakajifunza Kiswahili, wakaugua malaria kama wanavyougua wenyeji. Lakini methali haikusema jembe liende wapi mgeni akishaondoka, na sababu yake si ngumu kuitambua. Wahenga hawakuona haja ya kulisema jambo lililo dhahiri, kwamba jembe ni la mwenye shamba. Jambo hilo lililokuwa dhahiri kwa wahenga ndilo linalosahauliwa leo katika baadhi ya skuli na ofisi.

Historia si fupi

Kuja kwa vijana wa kigeni kujitolea katika nchi hii si jambo la jana. Mwaka 1961, kabla hata Uhuru wa Tanganyika haujatangazwa, kundi la Wamarekani wa Peace Corps lilikuwa limekwisha kufika, wengi wao wakiwa wapimaji, wahandisi na wajiolojia, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa duniani kuwapokea. Mwaka 1969 wakaondoka, na mwaka 1979 wakarudi. Wajapani nao walianza kuleta vijana wao katika miaka hiyo ya 1960. Zanzibar kwa upande wake ilipokea kundi la kwanza la madaktari kutoka China mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, na tangu hapo kundi moja baada ya jingine, kutoka jimbo la Jiangsu, limekuwa likipokezana zamu katika hospitali za Unguja na Pemba kwa zaidi ya miaka 60.

Inafaa kuitazama vizuri tofauti iliyopo kati ya ugeni wa namna hizo. Daktari wa Jiangsu anapomaliza zamu yake, mwenzake amekwisha kuteuliwa, na wodi haibaki tupu. Mjitoleaji anayefanya kazi na vijana skulini, aghalabu hana wa kumpokea. Anaondoka na ufunguo wa kabati akilini mwake, yaani majina ya wanafunzi waliomweleza shida zao, nyimbo alizowafundisha, na mpango wa masomo ambao pengine umeandikwa kwa Kiingereza katika daftari lake mwenyewe.

Mwezi Machi 2020 ulimwengu ulipata somo kali la jambo hili. Kwa sababu ya maradhi ya korona, Peace Corps iliwaita nyumbani wajitoleaji wake wote duniani, karibu watu 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60, kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe. Waliokuwa Tanzania nao walifunga mizigo. Hapakuwa na nafasi ya risala wala ya makabidhiano. Mwalimu aliyekuwa akitegemea kwamba mgeni atamaliza muhula alijikuta peke yake mbele ya darasa. Pale ambapo mwenyeji alikuwa akifanya kazi bega kwa bega na mgeni, kazi iliweza kuendelea. Pale ambapo mwenyeji alikuwa akitazama tu, kilichoweza kubaki ni picha ukutani.

Funzo la malaria

Zanzibar haihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa hatari ya kazi inayokwisha pamoja na mfadhili wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulianza mpango mkubwa wa kuitokomeza malaria Unguja na Pemba kwa kupiga dawa majumbani, ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani. Hadi mwaka 1968 malaria ilikuwa imepungua sana, na wako waliodhani vita vimekwisha. Mpango ukasitishwa. Katika muda wa miaka michache tu ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na watoto ambao wangezaliwa katika visiwa visivyo na malaria wakazaliwa katika homa ile ile ya wazazi wao. Katika miaka ya 1980 dawa ilipigwa tena majumbani, safari hii kwa msaada wa Marekani, na mara nyingine tena msaada ulipokwisha malaria haikuwa imekwisha.

Mafanikio ya safari ya tatu, yaliyoanza katika miaka ya 2000 kwa dawa mseto, vyandarua na upigaji dawa, yamedumu zaidi. Kwa miaka mingi sasa kiwango cha maambukizi Zanzibar kimekuwa chini ya asilimia 1. Fedha za nje zilikuwapo safari hii pia, na zilikuwa nyingi. Lakini jambo moja lilikuwa jipya. Kituo cha afya kinapompata mgonjwa wa malaria kinatoa taarifa, na afisa mwenyeji anafuata hadi nyumbani kwa mgonjwa kuwapima waliobaki. Kazi imepata mwenyewe. Na hata hivyo, wagonjwa walipoongezeka tena mwaka 2023, ilionekana wazi kwamba ugonjwa haulali, na kwamba mwenye shamba akisinzia nyasi huota.

Ikiwa mbu, anayeuawa kwa dawa, hurudi pale kazi inapoachwa, itakuwaje kwa tabia ya kijana, ambayo hakuna dawa ya kuipiga? Kazi ya afya kwa vijana ni kazi ya maneno, mazoea na imani. Kijana anafundishwa kuosha mikono, kutooga katika kijito chenye kichocho, kujikinga na UKIMWI, kukataa unga, kuielewa hedhi bila ya aibu, kuahirisha ndoa hadi amalize masomo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofundishwa mara moja likatosha. Kila mwaka wanaingia skulini watoto wapya wasiojua lolote, na kila mwaka wanatoka wale waliofunzwa. Klabu ya afya iliyokufa kwa mwaka mmoja tu imekwisha kulipoteza darasa zima.

Mfano wa kichocho unaliweka jambo hili wazi. Mwaka 2012 Zanzibar ilianza mpango wa kuukomesha ugonjwa huo, kwa kugawa dawa, kuua konokono katika vijito na mabwawa, na, katika baadhi ya shehia, kubadilisha tabia za watoto. Katika shehia hizo za mafunzo hawakupewa wageni kazi ya kuwafundisha watoto. Walipewa walimu wa skuli na wa madrasa. Walimu walijifunza kwanza, wakabuni wenyewe michezo na masomo yanayofaa watoto wao, na vikajengwa vyoo vya kukojolea na mahali pa kufulia ili mtoto akiambiwa asiende mtoni awe na pengine pa kwenda. Waliobuni mpango huo walitambua kwamba mtoto hafuati maneno matupu, na kwamba mtu wa kumkumbusha kila siku ni yule anayemwona kila siku.

Siri ya mwanafunzi

Haitakuwa haki kuwalaumu wageni. Kuna kazi moja ambayo wameifanya vizuri, pengine kuliko wenyeji, nayo inastahili kuelezwa bila ya kificho. Wamesikiliza. Msichana wa miaka 14 ambaye hathubutu kumuuliza mama yake, wala shangazi yake, wala mwalimu wake, kuhusu mabadiliko ya mwili wake, humuuliza mgeni. Mvulana ambaye rafiki zake wamemwonjesha unga humwambia mgeni kabla ya kumwambia baba yake. Sababu ni kwamba mgeni haendi msibani pamoja na jamaa zake, hana jirani wa kumsimulia, na siku moja ataondoka na siri ile.

Lakini hapo hapo ndipo penye tatizo. Mgeni akiondoka na siri, mwanafunzi hubaki na shida. Msichana aliyeulizia hedhi akiwa na miaka 14 atakuwa na swali zito zaidi akiwa na miaka 16, na wa kumjibu hayupo tena. Basi kimbilio la msichana kwa mtu wa mbali si sifa tu kwa mgeni. Ni lawama pia kwa watu wa karibu, na walimu hawana budi kuisikia lawama hiyo bila ya kukasirika.

Jamii ya Waswahili haikuwa hivyo tangu asili. Msichana wa Unguja alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo, mwanamke mzima mwenye heshima, aliyemfundisha usafi wa mwili, siri za utu uzima na mambo ya ndoa. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa taarab, hapa nyumbani alijulikana pia kwa kazi hiyo ya unyago. Yako katika mafunzo ya zamani mambo ambayo mwalimu wa leo asingeyakubali, na hapana haja ya kuyarudisha yote. Lakini kuna jambo moja katika desturi ile ambalo hakuna mradi wowote uliolipata bado: somo hamalizi muda wake. Mwari akiolewa, somo yupo. Akijifungua, somo yupo. Akigombana na mumewe, somo huitwa. Uhusiano wao ulikuwa wa maisha, na kwa sababu hiyo neno la somo lilikuwa na uzito.

Mwalimu wa ushauri nasaha katika skuli ya leo ndiye anayepaswa kukikalia kiti hicho. Akikikalia kwa jina tu, huku akitangaza katika chumba cha walimu yale aliyoelezwa faraghani, wanafunzi wataendelea kumsubiri mgeni mwingine. Akiitunza siri, akawa na saa maalumu na mahali pa faragha, na akajulikana kwamba hacheki wala hatukani, hakuna sababu ya mtoto wa Kizimbani kumngoja mtu kutoka ng'ambo ya bahari ili aulize habari za mwili wake mwenyewe.

Mwenzake aliyebaki

Mara nyingi sherehe ya kuagana humsahau mtu mmoja. Katika mipango mingi ya miaka ya karibuni, kijana wa kigeni hakuja kufanya kazi peke yake. Mpango wa vijana wa Uingereza ulioanza mwaka 2011, ambao ulifika Tanzania pia, uliwaweka pamoja vijana wa Kiingereza na vijana wenyeji wa umri wa miaka 18 hadi 25, wakaishi nyumba moja na kufanya kazi moja kwa muda wa miezi mitatu hivi. Siku ya mwisho wote wawili humaliza. Mmoja hupanda ndege, hupokewa kwao kwa furaha, na cheti chake humsaidia kupata kazi au nafasi ya masomo. Wa pili hurudi kwao kwa daladala. Yeye ndiye anayejua kazi yote iliyofanyika, ndiye anayejua lugha, na ndiye ambaye vijana wa mtaani watamsimamisha njiani kumuuliza. Lakini hakuna ofisi inayomwita kumuuliza alichojifunza.

Huo ni upotevu wa mali. Mwenyeji aliyekwisha kufunzwa kwa fedha za watu, akafanya kazi kwa mikono yake, akaaminiwa na vijana wenzake, ni hazina ambayo wilaya yoyote ingepaswa kuiandika katika daftari lake. Shirika la Students Partnership Worldwide liligundua jambo hili kwa njia yake. Lilianza mwaka 1985 kwa kuwapeleka vijana wa Uingereza kufundisha katika nchi za mbali. Katika Tanzania lilifanya kazi ya afya ya vijana vijijini, hasa katika mikoa ya nyanda za juu kusini, likiwatumia wageni na wenyeji pamoja, na kadiri miaka ilivyopita kazi hiyo ikawa zaidi na zaidi mikononi mwa vijana wa Kitanzania wenyewe. Mwaka 2010 lilibadilisha jina na kuitwa Restless Development. Lililobadilika hasa ni jibu la swali la nani anafaa kumfundisha kijana wa kijijini, na jibu likawa kijana mwenzake.

Jibu hilo Tanzania ilikuwa imekwisha kulitoa zamani. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya huko Bara, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa njia ya redio na vikundi vya kusoma. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika kila juma kusikiliza, kusoma, kujadiliana, na kisha kutoka nje na kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kusafisha visima. Wale viongozi 75,000 hawakutoka nje ya nchi. Walikuwa walimu, watumishi wa serikali, na wananchi waliojua kusoma. Kampeni ilipokwisha waliendelea kuishi katika vijiji vile vile, wakitumia vyoo walivyovichimba.

Na Zanzibar ya leo inao watu wa aina hiyo hiyo. Wajitoleaji wa afya ya jamii zaidi ya 2,000, waliochaguliwa katika shehia zao, wanapita nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba kuwaangalia wajawazito na watoto wachanga. Nyumba za upataji nafuu kwa walioathirika na dawa za kulevya, zilizoanza kufunguliwa Zanzibar mwaka 2009, zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliowahi wenyewe kuutumia unga na wakaacha. Hawa nao wanafanya kazi ya kujitolea. Tofauti yao na mgeni ni kwamba hakuna anayewasomea risala, kwa kuwa hawaondoki.

Yafaayo kufanywa

Yapo mambo machache ambayo mwalimu mkuu, afisa elimu wa wilaya na mkuu wa kituo cha afya wanaweza kuyafanya bila ya kusubiri fedha mpya wala waraka mpya.

Kwanza, mjitoleaji asipokelewe bila ya kupewa mwenzake mwenyeji tangu siku ya kwanza. Mwalimu huyo asiwe wa kumsindikiza na kumtafsiria tu. Mwezi wa kwanza mgeni afundishe na mwenyeji atazame. Kuanzia katikati ya muda wake, mwenyeji afundishe na mgeni atazame. Mgeni atakayeona kwamba hahitajiki tena katika mwezi wake wa mwisho amefanya kazi nzuri kuliko yule anayeliliwa.

Pili, yawepo makabidhiano ya maandishi. Mtumishi wa serikali anapohamishwa haruhusiwi kuondoka bila ya kukabidhi mafaili, funguo na vifaa vya ofisi. Kwa nini kazi ya afya ya watoto iwe nyepesi kuliko viti na meza? Hati hiyo ieleze ni masomo gani yamefundishwa, kwa madarasa gani, ni wanafunzi gani wameandaliwa kuwaongoza wenzao, na ni lipi halikufanikiwa. Iandikwe kwa Kiswahili. Nakala moja ibaki kwa mwalimu mkuu, moja kwa kamati ya skuli, na moja kituo cha afya. Shida za wanafunzi waliosema kwa siri zisiandikwe humo. Mwanafunzi mwenyewe aulizwe kama yuko radhi kujulishwa kwa mwalimu fulani, na kama hayuko radhi aachwe.

Tatu, saa ya afya iwekwe katika ratiba ya skuli, si katika nafasi iliyoachwa na ukarimu wa mgeni. Jambo lisilo katika ratiba hufa siku mwenye hamu nalo anapougua.

Nne, kabla ya kuomba mjitoleaji mwingine, ofisi ijiulize wa kwanza aliacha nini. Ikiwa hakuacha kitu, mwingine wa pili ataanza upya pale pale, na wa tatu vivyo hivyo, na baada ya miaka kumi skuli itakuwa na picha kumi za kuagana na klabu moja isiyojua kutembea. Mkaguzi anayefika skulini mwaka mmoja baadaye asiulize mgeni alifanya nini. Aulize mwenyeji anafanya nini sasa.

Wako watakaosema kwamba walimu wamelemewa, na watasema kweli. Madarasa ni makubwa, masomo ni mengi, na mwalimu aliyetoka kusahihisha madaftari ya watoto sabini hana nguvu ya kuanzisha klabu mchana. Kumwongezea kazi bila ya kumpunguzia nyingine ni kumdanganya yeye na kuwadanganya watoto. Lakini hoja hiyo inawahusu zaidi wakubwa wa ofisi kuliko mwalimu mwenyewe. Kama saa moja kwa juma ya afya ya vijana ina umuhimu wa kutosha kumsafirisha mtu kutoka bara jingine, basi ina umuhimu wa kutosha kumpunguzia mwalimu mmoja kipindi kimoja. Ikiwa haina umuhimu huo, ni afadhali kumwambia mgeni kabla hajakata tiketi.

Wako pia watakaosema kwamba bila ya mgeni hakuna vifaa. Ni kweli kwamba baadhi ya vifaa hugharimu fedha. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haina bei. Mwalimu asiyecheka anapoulizwa hana bei. Sheha anayewaita vijana barazani kuzungumza habari za unga hana bei. Daktari wa kituo cha afya anayekubali kufika skulini mara moja kwa mwezi anataka nauli ya daladala tu, na nauli hiyo si mzigo wa kuishinda nchi.

Elimu inayobaki

Mfano mwema upo, na ni wa hapa hapa Zanzibar. Madaktari kutoka Cuba waliofanya kazi Zanzibar wangeweza kuendelea kutibu tu, kundi baada ya kundi, na shukrani wangezipata. Lakini mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba na Serikali ya Zanzibar walianza kuwafundisha vijana wa Kizanzibari udaktari hapa nyumbani, na baada ya miaka michache wahitimu wa kwanza walikuwa tayari kuingia wodini. Mwalimu wa Kikuba alipopanda ndege kurudi kwao, alimwacha daktari nyuma yake. Huo ndio ugeni unaozaa. Na si lazima uwe wa madaktari. Kijana wa miaka 22 anayefundisha usafi wa mwili katika skuli ya shamba anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake, ikiwa wenyeji watamtaka afanye hivyo, na wakamwambia mapema.

Siku ya kumuaga mjitoleaji isiondolewe. Shukrani ni sehemu ya utu, na Mswahili hamwachi mgeni aondoke mikono mitupu. Risala na isomwe, kanga na itolewe. Lakini kabla ya picha kupigwa, liongezwe jambo moja katika sherehe. Mwalimu mwenyeji asimame mbele ya wanafunzi, apokee madaftari na ufunguo wa kabati kwa mkono wake, na atangaze siku na saa ya mkutano ujao wa klabu. Mgeni akilisikia tangazo hilo ataondoka na moyo mtulivu, na wanafunzi wakilisikia watajua kwamba hawakuachwa.

Huko Kizimbani yako mashamba ambamo mikarafuu inasimama leo na aliyeipanda hayupo tena. Hakuna anayesema miti ile ni ya wageni, ingawa asili ya mkarafuu ni visiwa vya mbali vya mashariki. Imekuwa ya Unguja kwa sababu watu wa Unguja waliimwagilia maji ilipokuwa midogo, wakaipalilia, na wakaichuma kwa mikono yao. Elimu ya afya iliyoletwa na mgeni nayo ni mche. Mgeni siku ya tatu alipewa jembe, akalima. Siku anayoondoka, mwenye shamba alipokee jembe lake.